Nafasi niliyoiacha wazi

Shifa shoga, nina hasira.

Ile karatasi ya kura niliyoletewa kutoka Marekani kwa ile pasi yangu ya huko, unaikumbuka? Nafasi nyingine zote nilizitilia alama, ila penye rais nikaacha wazi. Makusudi. Wawili wale simtaki hata mmoja. Nikasema pabaki patupu, hilo ndilo jibu langu.

Nikampa Gharib, wakala wangu wa mizigo hapa China, aifunge na kuituma pamoja na karatasi za kontena.

Leo niko kiwandani Shiling nakagua mikoba, ananipigia. "Bi Sihaba, ile ya Marekani imeshaondoka. Uliruka sehemu moja, nikakujazia."

Nikamwambia rudia.

"Nimekujazia. Karatasi yenye nafasi wazi, bandarini Nansha wanairudisha. Unajua mwenyewe."

Nansha, Shifa. Kura yangu kaifanya karatasi ya mizigo.

Nilimfokea mpaka laoban, bosi wa kiwanda, akanisogezea kiti na kushusha bei, akidhani namfokea yeye. Na Gharib wala haoni kosa lake. Miaka sita ananijazia kila ninachosahau, na kila mara namwambia ahsante.

Nikamwambia, hii sikusahau. Wote wawili nimewakataa, wewe umeniozesha mmoja. Yupi?

Akaanza kunieleza habari za kontena. Nikamkatiza.

Yupi, Gharib?

"Majina sikuyasoma, Bi Sihaba. Nilitia alama kisanduku cha juu."