Jina la Kasaine

Hatibu, rufaa imetupwa. Nimetoka chumba cha mahakama sasa hivi, bado niko hapa bomani.

Ni ile ya ndugu wawili wa Kiarusha waliohukumiwa kunyongwa kwa kumuua baba yao. Mkalimani ni mimi.

Unajua kilichowaponza mara ya kwanza? Bwana Shauri, yule Mjerumani anayeamua kesi hapa bomani, aliwauliza, "Mnamjua Kasaine?" Wakajibu, "Hatumjui." Baba yao mzazi!

Leo jaji Mjerumani kawauliza tena. Hatumjui. Hatumjui, Hatibu!

Ndipo mama yao, Nasieku, akasimama. "Kwetu aliyekufa hatajwi jina; ukiulizwa kwa jina, unasema humjui." Nikatafsiri.

Jaji akasema, "Mahakamani anatajwa." Akamtaka alitaje jina la mumewe kama anataka kuwaokoa wanawe.

Mama akawageukia wanawe. Kisha akasema, "Kasaine." Wanawe wakainamisha vichwa.

Mimi nikashusha pumzi. Nikajua yamekwisha, wamepona.

Jaji akavaa kofia. "Kumbe wanamjua. Basi walidanganya." Akatoka.

Alisema kwa Kijerumani. Mama amesimama mbele yangu, anasubiri nimtafsirie. Nakuandikia wewe ili nisiinue uso.