Injini Haiwashwi Mchangani

Lipingo, Nyasa

Mama mpendwa, shikamoo.

Kifua kimepata nafuu? Kahawa imeanikwa? Mimi mwili mzima, roho ndiyo inachemka. Juzi ulinigombeza kwenye simu, mtandao ukakatika kabla sijajieleza. Basi kaa usikilize.

Umeambiwa nimeharibu boti ya Baba Mdogo. Nani kakwambia? Yeye mwenyewe! Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Injini ile hupozwa na maji ya ziwa. Ndani ya mguu wake, ule unaoshuka majini nyuma ya boti, kuna kigurudumu cha mpira chenye mabawa, tunakiita impela, ndicho kinachovuta maji. Cha zamani kilichakaa. Nikashusha mguu, nikafungua pampu, nikaweka kipya, nikarudisha kila boliti mahali pake. Kisha nikamwambia, mdogo wako, Mama Mdogo, akiwa pale anachagua dagaa wa usipa: "Baba, usiiwashe kabla boti haijaingia majini. Mpira huu ukizunguka mkavu unaungua papo hapo."

"Nimesikia, mwanangu."

Amesikia! Padri alipokuja kubariki boti, mimi nilikuwa nimetumwa mafuta. Boti iko mchangani, imepambwa maua. Maji ya baraka yalipokwisha kunyunyizwa, Baba Mdogo akaona baraka haijatimia watu wasiposikia mngurumo. Akawasha. Wanakwaya wakapiga vigelegele, naye akazidisha moto. Haya amenisimulia Mama Mdogo kwa kunong'ona, tena baada ya mambo kuharibika.

Kesho yake tukapakia watu. Hatujafika mbali, injini ikafuka mvuke, ikazima. Upepo ukatusukuma kwenye miamba, akina mama wanalia, mmoja ana mtoto mgongoni, hadi wavuvi wa mitumbwi wakatufunga kamba na kutuvuta. Tulipogusa ufuko, Baba Mdogo akatangaza mbele ya umati: "Mmatengo, mtu wa milimani, mpe jembe. Injini ya majini ataijulia wapi?" Watu wakacheka. Mama, nikamjibu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Nimefungua pampu. Mabawa yote yamekatika, na vipande vya mpira vimeingia kwenye njia za maji. Bila kuvitoa vyote, hata impela mpya ni kazi bure. Yeye anataka nirudishe ile iliyochakaa, "itusogeze tu," Jumapili tupeleke kwaya Liuli, na watoto wao. Na wewe, Mama, unaniambia nimpigie magoti kwa sababu amenilisha!

Chakula chake nashukuru. Kwa kumjibu vibaya mbele ya watu, magoti nitapiga. Kwa injini, sipigi. Nimeufungua mguu mzima nikaufungia chumbani kwangu. Akitaka safari, apige kasia.

Nisalimie Bibi, mwambie usipa wake nimeukausha mwenyewe. Msalimie dada Skola na mumewe, na katekista anayekusomea barua hii. Asiruke mahali nilipokasirika.

Baba Mdogo yuko mlangoni sasa hivi, anagonga kwa ngumi, ananiita mwizi. Sifungui. Ukisikia nimefukuzwa, Mama, usilie. Ujue tu kwamba kwaya nzima iko hai.

Ni mimi mwanao,
Kasimiri