Maandishi Chini ya Chokaa

Alhamisi, Moroni. Mvua tangu alfajiri.

…na kwa hiyo sikuweza kukuandikia jana, daftari langu, maana tulishinda katika chumba cha giza. Leo nitaeleza yote. Naandika kwa Kiswahili nilichosomea Unguja, ambacho Salimu wangu hawezi kukisoma, basi nina uhuru wa kumsifu nipendavyo.

Mume wangu ni mzuri. Mwezi mmoja na siku tisa za ndoa, na bado nikisikia viatu vyake uchochoroni mwa mtaa wetu wa Badjanani moyo unanienda mbio.

Jumatatu tulivuka kwenda Mutsamudu, kisiwa cha pili, kwa kazi yetu ya picha. Dalali mmoja anayewatafutia nyumba maofisa wa mamluki alitaka picha za ndani za nyumba ya mawe iliyo chini ya ngome. Nyumba hiyo ni ya Bi Zainaba. Mumewe, mwalimu, yuko gerezani tangu wazungu hao walipoingia na bunduki zao, na dalali anasema mali ya mfungwa imechukuliwa. Mali ya mfungwa! Kila mtu visiwani anajua nyumba ni ya mwanamke; mume huja kukaribishwa tu. Lakini hati ya Bi Zainaba ilichomwa moto pamoja na karatasi nyingine za serikali wakati wa utawala uliopita, na kadhi amemwambia alete ushahidi.

Ushahidi upo. Juu ya mlango wa chumba cha ndani, bibi yake alichongesha kwa Kiarabu kwamba nyumba ni yake na ya mabinti zake. Mafundi wa dalali wamepaka chokaa juu yake, na wiki ijayo mlango wenyewe unang'olewa.

Chumba kile kina dirisha moja. Salimu amenifundisha: ukitegemea mwanga wa dirisha peke yake, pembe zote zinazama gizani. Ukipiga flashi moja kwa moja mbele, kila kitu kinakuwa bapa na dirisha linatoka jeusi kama usiku. Kwa hiyo yeye hupima kwanza mwanga wa nje, huacha lenzi wazi sekunde mbili, na katikati yake mimi narusha flashi kwenye ukuta mweupe, kidogo tu, irudi kwa upole. Mimi huvaa buibui jeusi nisionekane pichani. Nampenda mtu anayefikiria mambo kama haya.

Dalali alisimama nje akivuta sigara. "Fundi, chumba kitoke kikubwa! Mzungu anataka hewa!"

Bi Zainaba, aliyeachiwa kijumba cha uani mpaka mpangaji afike, alituletea chai. "Bibi harusi," akanitania, "shika vizuri hiyo taa yako. Usimpofue mumeo hata hajakutazama vya kutosha." Tukacheka wote. Kisha akanisogelea, akainua macho juu ya mlango, akanong'ona, "Nyanya yangu yumo humo, mwanangu."

Ndipo akanieleza habari ya maandishi na ya kadhi.

Nilitazama kitanda chao. Mto wa mwalimu bado ulikuwa upande wake. Nikaionea haya furaha yangu.

Tulipiga picha moja kama tulivyoagizwa. Ya pili, nilisogea hadi kwenye kizingiti, nikaiinua flashi sambamba na ukuta, karibu iuguse, mwanga upite juu ya chokaa kwa ubavu na kila mchongo utoe kivuli. Salimu aliona. Alijua vizuri kuliko mimi kitakachotupata dalali akigundua: studio yetu kufungwa, pengine yeye mwenyewe kukaa chumba kimoja na mwalimu.

Angeweza kuniita nirudi.

Akafungua lenzi. Akahesabu. Nikarusha.

"Tena," akasema, kwa sauti ndogo. "Ishushe kidogo."

Jana tulisafisha filamu, tukachapa. Dirisha lilitoka vizuri, na mnazi wa jirani ukaonekana nje. Kisha, polepole ndani ya maji ya dawa, kila herufi ikainuka na kivuli chake: *Nyumba hii ni ya Mwanaisha binti Saidi na mabinti zake.* Salimu aliisoma kwa sauti, akaisoma mara ya pili, kisha akakaa chini.

Leo asubuhi dalali amekuja studioni kuchukua picha ya kwanza. Ameisifu sana. Ameondoka akiwa na chumba kikubwa, chenye hewa, kisicho na neno lolote.

Ile nyingine nimeifunga katika leso ya harusi yangu. Naogopa, sitakuficha. Sijui kadhi atasema nini, wala kama neno la kadhi litamzuia mtu mwenye bunduki. Salimu naye anaogopa, lakini ameshaulizia boti ya kurudi Mutsamudu.

Nawe Bi Zainaba, ingawa hutayasoma haya, kabla mwezi huu haujaisha tutabisha hodi kwako uani, mimi na mume wangu, na tutakwenda nawe mpaka mlangoni kwa kadhi.