Marekebisho ya Kanuni za Ufalme wa Chini ya Ziwa

Jumatatu, 5 Mei

Daftari langu, pokea salamu za heshima, na baada ya salamu, radhi. Wiki tatu nimekuacha bila neno. Sikuwa mgonjwa. Nilishikwa na kazi — kazi, nasema, katika umri wa miaka sabini na minne! — na kazi yenyewe ni kwamba nimeteuliwa kuwa Mwandishi wa Kanuni.

Nieleze kwa utaratibu. Mjukuu wangu, yule fundi simu, ana mchezo na wenzake. Si wa kukimbia wala wa karata. Watu hukaa mezani, kila mmoja akajifanya mtu mwingine, na dadu huamua kama amefanikiwa ama ameumia. Wameutunga wenyewe, kwa mapenzi tu, kutokana na kitabu cha katuni walichokisoma utotoni, habari za ufalme ulio chini ya ziwa. Mwenye kitabu hana habari nao. Mjukuu ndiye Msimulizi: yeye ndiye milango, mvua, walinzi na mazimwi yote. Wachezaji, mwaka mzima sasa, tu wanne: Kinyozi na Nesi wa mtaani kwetu, Mama Mshonaji na mimi. Mchezoni mimi ni Karani wa Mfalme. Silaha yangu ni muhuri.

Kanuni zao zilikuwa zimeandikwa nyuma ya kalenda kuukuu, kwa wino wa rangi tatu, nyingine zikiwa zimezungushiwa duara na kuandikwa "HII TUTAONA". Nimekuwa karani wa mikutano ya bodi ya shule ya misheni miaka thelathini na moja. "Hii tutaona"! Nikaomba ruhusa nizipange upya. Walikubali upesi mno. Sasa naona walidhani nitapiga mistari tu kwa rula.

Zimefika kanuni thelathini na nane. Nimeanza ibara ya utangulizi.

Jumanne, 6 Mei

Binti yangu wa kwanza, mama yake Msimulizi, ndiye mwenye sauti nyumbani humu tangu marehemu mama yake atutoke, miaka minne sasa. Asubuhi amesoma rasimu yangu akiwa amesimama, kikombe mkononi. Akafika Kanuni ya Tatu: wachezaji watakaa kwa mpangilio wa umri.

Akauliza mbona kwa mpangilio huo Mama Mshonaji anaangukia ubavuni pangu, kwenye kiti cha mama.

Nikamweleza kwamba ni hesabu ya miaka tu. Mimi ni wa kwanza, yule Mama ni wa pili.

"Hesabu hiyo umeipiga lini, Baba?"

Swali halikuwa kwenye ajenda.

Jumamosi, 10 Mei

Mkutano wa marekebisho, saa tisa alasiri. Hatukucheza. Ni Jumamosi ya tatu sasa hatuchezi, ila kumbukumbu za vikao ziko sawasawa.

Kanuni ya Tisa ilileta mjadala. Nimeandika: kabla ya kushambulia, mhusika atamsalimu adui, naye adui atapewa nafasi ya kuitikia. Kinyozi alinitazama kama mteja aliyemtoroka nusu ya kichwa ikiwa haijanyolewa.

"Mzee wangu. Zimwi lina meno kama panga. Mimi niliulize habari za nyumbani?"

Nikasema ndiyo, kwa ufupi.

"Na likisema nyumbani kuna mgonjwa?"

"Utatoa pole," akasema Mama Mshonaji, bila kuinua macho kwenye miwani yake. Kanuni ikapita.

Nesi naye ametaka majeraha yasafishwe. Hawezi, anasema, kukaa mezani akiangalia mtu aliyekatwa mkono anapanda ngazi kwa mkono huohuo. Zamu tatu za bandeji. Imepita. Kinyozi akaomba mapanga mawili na ngao moja, akaulizwa ana mikono mingapi, akaondoa hoja.

Kisha Kanuni ya Ishirini na Mbili, na hapo naomba niandike polepole. Tangu mwanzo, mhusika akifa hunyweshwa Maji ya Uhai, akaamka. Kinyozi amekufa mara kumi na moja tangu mwezi wa pili. Siku moja alikufa mara mbili kabla ya chai! Na akiwa maiti hanyamazi, anawanong'oneza walio hai pa kupita.

Nikasimama. Nikasema, waheshimiwa, niwieni radhi. Wengine wetu tumezika. Hatukupewa chupa.

Hakuna aliyecheka. Nikapendekeza: mhusika aliyekufa hatarudi, na mchezaji wake ataondoka mezani hadi safari iishe. Na safari hii, Msimulizi anakadiria, itachukua mwaka na nusu.

"Naunga mkono," akasema Mama Mshonaji. Yeye pia amezika.

Imepita kwa kauli moja. Kinyozi akasema kuanzia leo atatembea humo kama mtu aliyebeba mayai. Nikaongeza ya Ishirini na Tatu: walio safarini hawatawahadithia wafu yanayoendelea. Na ya Arobaini: hakuna kanuni itakayorekebishwa pasipo taarifa ya siku kumi na nne na sahihi za wote walioipitisha, nazo zitiwe mezani.

Siku njema. Kazi safi.

Jumapili, 11 Mei

Nimezinakili kanuni zote arobaini kwa wino mweusi. Mjukuu kaziona, kasema, "Babu, hizi zinatisha kuliko mazimwi." Nimechukua kama sifa.

Jumamosi, 17 Mei

Leo tumecheza. Laiti tungeendelea kukutana tu!

Kwanza niseme jambo. Mama Mshonaji, mtu mpole aliyeshona sare za nusu ya watoto wa mtaa huu, humo mchezoni ni jambazi. Anaitwa Kucha. Amechoma madaraja mawili. Amemng'oa mganga wa mfalme meno ya dhahabu akiwa usingizini, halafu akamfunika shuka. Na yeye ndiye peke yake aliyecheka siku nilipolipiga zimwi muhuri wa LIMEPOKELEWA kwenye paji la uso. Alicheka mpaka akavua miwani.

Basi. Tulifika kwenye Lango la Shaba. Pale kuna mlinzi mwenye kichwa cha kambare na mkuki. Kucha alikuwa amemzunguka kwa nyuma, kisu mkononi. Kwa kanuni za zamani, hesabu ilikuwa imekwisha.

"Mchome!" Kinyozi akanong'ona.

Mama Mshonaji akaziweka dadu chini. Akakunja mikono. "Shikamoo, mlinzi. Poleni na zamu."

"Marahaba," akaitikia Msimulizi kwa sauti ya kambare. "Zamu ni ndefu, mama. Asante kwa pole." Na mlinzi akageuka na mkuki wake, maana salamu ilikuwa imekula zamu ya Kucha, na ya kupiga sasa ilikuwa yake.

Dadu ikaanguka sita. Kila tundu la dadu hula pumzi moja, na Kucha alikuwa amebakiwa na pumzi nne.

Kinyozi akasema, je, tukisema kambare hakusikia salamu? Nesi akasema mkuki umepita kwenye pafu, hapo hakuna bandeji. Msimulizi — mjukuu wangu, damu yangu! — akanigeukia kwa heshima zote:

"Mwandishi, kanuni inasemaje?"

Ningeweza kusema nimesahau miwani. Ningeweza kukohoa. Nilisimama, nikaisoma. Niliisoma yote, kwa sauti ya mkutanoni, na vituo vyake.

Mama Mshonaji akaikunja karatasi ya Kucha mara nne. Akaomba radhi kwa kufa mapema. Akawashukuru wote. Nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikasema karibu tena, Mama.

"Kanuni ya Ishirini na Mbili, Bwana Karani," akasema. Akaenda zake.

Tukaendelea. Lango lilifunguka. Sikumbuki lilikuwa na nini ndani.

Jumapili, 18 Mei

Sikwenda ibadani. Nimesingizia magoti. Magoti hayana kosa lolote.

Jumatatu, 19 Mei

Nimekaa na kanuni zangu kutwa nzima nikitafuta mwanya. Nisamehewe majivuno: hakuna mwanya. Kuirekebisha ya Ishirini na Mbili kunahitaji sahihi ya Mama Mshonaji. Sahihi hutiwa mezani. Mezani haruhusiwi.

Nimekwenda kunyolewa, ingawa zilizobaki kichwani hazikuhitaji. Kinyozi alinisikiliza mpaka mwisho, wembe hewani.

"Mzee, umejenga nyumba ukasahau mlango. Na wewe mwenyewe uko ndani!"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakaniangalia kwa huruma.

Mjukuu yeye kasema, "Babu, futa tu. Ni karatasi." Akanipa na kalamu. Niliishika. Miaka thelathini na moja sikufuta uamuzi wa kikao, hata ule uliompa mwalimu mkuu vyoo vitatu na watoto kimoja. Kalamu nimeirudisha.

"Sawa," akasema. "Sasa niambie, unamtaka Kucha au unamtaka Mama Mshonaji?"

Vijana wa siku hizi hawana utangulizi.

Jumatano, 21 Mei

Nimepeleka suruali kwa Mama Mshonaji. Suruali ya kijivu, ya heshima. Banda lake ni dogo; cherehani mlangoni kwa ajili ya mwanga, sare zimening'inia ukutani kama darasa lisilo na watoto.

Aliigeuza ndani na nje. "Suruali hii haina tatizo."

Nikaomba radhi kwa jambo hilo.

"Basi nifanye nini?"

"Labda pindo, Mama. Kama si usumbufu."

Akanipima. Akapiga magoti na futi yake na sindano mdomoni, nami nikatazama dari, ambayo ina bati jipya upande mmoja. Kisha akauliza, akiwa bado huko chini:

"Mlifika ndani ya lango?"

Na mimi, daftari langu, nikakumbuka Kanuni ya Ishirini na Tatu! Nikasema sina mamlaka ya kueleza.

Alikata uzi kwa meno. "Mimi ndiye niliyeunga mkono," akasema. "Siwezi kulalamika. Lakini jana, nikidhani ni Jumamosi, nilijikuta nimevaa viatu saa nane na nusu. Nikavivua."

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nacho kabisa. Nikasema asante kwa pindo.

Suruali sasa inaishia juu ya soksi.

Ijumaa, 23 Mei

Niandike ukweli, maana hapa hakuna kikao. Mkewe mtu akifa, watu humuuliza amekula? Amelala? Magoti yanaendeleaje? Ni maswali mema, nami nashukuru. Ila Jumamosi, mezani, zamu yangu ikifika, wote hugeuka, na mtu huniuliza: "Karani, unafanya nini?" Na wananisubiri. Na kwa mwaka mzima sasa, kila nilichofanya nimekifanya ili mtu mmoja mezani pale acheke.

Kiti kile cha ubavuni kikikaa tupu mwaka na nusu — mimi sina uhakika wa mwaka na nusu.

Nimeamua kumwandikia. Rasimu ya kwanza: "Kwa Aliyekuwa Mwanachama. Yah: Hali Yako Baada ya Kifo." Nimeichana. Ya pili ina vifungu (a) hadi (d). Ya tatu imeanza vizuri, ila imeishia kwa "nakala kwa: Nesi, Kinyozi". Ya nne na ya tano nimeziacha mezani zikauke.

Jumamosi, 24 Mei

Saa tano asubuhi. Binti yangu kaamka kabla yangu. Nimemkuta mezani na rasimu zangu, hata ile niliyoichana, kaiunga vipande kama ramani.

Nikaomba radhi.

"Keti, Baba."

Nikaketi.

"Hii ni barua ya kumwachisha mtu kazi."

Nikasema nilikusudia kinyume chake.

"Najua ulichokusudia. Nimejua tangu ile Kanuni ya Tatu." Akainyoosha kwa kiganja ile rasimu iliyochanwa. Nilidhani atasema kuhusu kiti. Akauliza: "Mama ulimwandikia hivi?"

"Hivi hivi."

"Akajibuje?"

"Alichukua miaka miwili kujibu."

Alicheka. Sikutazamia. Alicheka, kisha akafuta macho kwa kitambaa cha vyombo, na sijui kipi kilikuwa cha kicheko na kipi cha mama yake. Akasema yeye hayuko tayari. Asinidanganye, hayuko tayari hata kidogo. Halafu akanisogezea karatasi nyeupe na kusema, "Mistari mitatu. Usiweke namba."

Nimeandika: "Mama Mshonaji. Tumeingia ndani ya lango na hakuna cha kuchekesha huko. Naomba uje leo saa tisa, ukae ulipokuwa ukikaa. Wakiniuliza kanuni, nitasema mimi ndiye niliyekosea."

Nimetia sahihi. Muhuri sikutia.

Binti kasoma. Kasema mtu wa kuipeleka asiwe mimi, nitafika pale niombe radhi kwa kufika. Msimulizi yuko kazini na simu za watu. Kinyozi ataisoma njiani, tena kwa sauti. Kwa hiyo atakayeipeleka barua hii ni binti yangu wa kwanza, yeye mwenyewe, na tayari amejifunga kilemba. Alikuwa ameshafika mlangoni. Amerudi. Ameniomba kalamu, ndiyo maana haya nayaandika kwa penseli. Ameinama juu ya meza, kaiziba karatasi kwa mkono kama mtoto kwenye mtihani, na anaongeza kitu chini ya jina langu. Nimemwomba nione. Amesema subiri. Umeshakuwa mstari wa nne, na bado anaandika