Mashine Ilinitaja Mara Mbili

Tunduma, 4 Juni 2006

Mama, shikamoo. Mimi mzima, sijui mgongo wako na baridi hii. Mama, kazi nimepata! Karani wa mizigo, ng'ambo kule Nakonde!

Ila kuna balaa. Mpakani tangu mwaka jana kuna mashine ya vidole, ya kunasa magaidi. Unabonyeza, kompyuta inakutaja. Mimi ikanitaja mara mbili! Paspoti inasema Kasiani, lakini mwaka jana nilivuka kwa barua ya mtendaji wa kijijini, nikabonyeza, nikaingizwa Damiano. Askari akacheka, "Dogo, mko wangapi humo ndani?" Halafu akaacha kucheka. Paspoti kaishika. Anataka kiapo cha mzazi kabla ya mwezi kuisha.

Mama, nenda mahakamani Kilosa, uape kwamba kati yangu na kaka, aliyefariki ni Damiano. Cheti changu cha fomu foo kina jina la kaka, bila hicho kazi hakuna. Ni karatasi tu, mama.

Mwanao,
Kasiani

Munisagara, 17 Juni 2006

Mwanangu, marahaba. Mgongo upo, tunavumiliana. Anaandika Happiness wa jirani, mimi nasema.

Nimesomewa barua yako nikaikumbuka ile Januari. Kaka yako kafaulu, shati jeupe nimeshamshonea, shule inafunguliwa yeye ana wiki kaburini. Mwalimu mkuu akasema nafasi isipotee, mpeleke mdogo wake. Ukapanda treni shati limekufika magotini. Nikakupungia, "Nenda salama, Kasiani," kama mwalimu alivyotufundisha. Nilirudi nyumbani sijui nimemlilia nani.

Mahakamani nimekwenda. Karani kauliza, "Aliyefariki nani, mama?" Nikasema Kasiani. "Na huyu wa Tunduma?" Nikasema Damiano, mwizi wa ukoko wangu. Nimeweka dole gumba.

Nimezika mmoja. Wa pili siwezi, hata kwa karatasi.

Mama yako

Tunduma, 29 Juni 2006

Mama, shikamoo. Naomba mgongo uwe umepoa.

Kiapo nilikaa nacho mfukoni siku tatu. Nilikasirika, mama, nisikufiche. Leo nimekipeleka. Askari kanisema weee, paspoti kaikata kona, haifai tena. Kazi ndiyo imeenda hivyo.

Kisha akalifuta la Kasiani kwenye kompyuta, akasema bonyeza tena. Safari hii jina likatoka moja. Akaita, "Damiano!" Nikageuka nyuma kumtafuta anayeitwa! Miaka minane, mama, ni wewe tu uliyekuwa unaniita hivyo.

Jumamosi nashuka Mikumi, jioni nipo nyumbani. Shati lile kama bado lipo sandukuni, usiligawe. Na ukoko uufiche, nitautafuta mwenyewe.

Mwanao,
Damiano