Kerezo la umeme nimelivunja

Manzi,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Kidonda usikiloweshe.

Ulipowasha kerezo la umeme asubuhi ili lizungushe mti uuchonge bakuli, nilimsikia baba yako. Mwaka jana liliponasa mkono wa shati lake alipiga kelele mara tatu, nalo likaendelea kumzungusha mpaka akafa. Ndiyo maana nilichukua shoka. Ulinizuia ukisema, "Mama, kerezo la kukanyaga kwa mguu linatoa mabakuli matatu tu kwa siku." Nikapiga. Mota ikapasuka, na kipande chake kikakukata. ~~Nisamehe yote.~~ Nisamehe kidonda tu.

Nimekwenda Gikondo kutafuta mkanda wa ngozi wa lile la mguu. Lile, ukishtuka ukaacha kukanyaga, linasimama.

Mashati yako yote nimeyakata mikono. Vaa hivyohivyo.

Mama