Taa ya Matanga ya Mzee Pierre

Mpofi, tarehe 9 Novemba 1966

Kwa dada yangu Emérence,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni. Haukuwa mlio wa baruti, wala haukuwa ukelele. Ilikuwa kama mtu aliyekung'uta kitenge kilicholowa, mara moja tu, ndani ya nyumba iliyojaa watu. Makelele yalikuja baadaye.

Nisamehe kwa kuanza hivyo kabla ya kukujulia hali. Hamjambo hapo Kingi? Kifua cha mtoto kimetulia? Maharage yamestahimili mvua hii isiyo na adabu? Na shemeji Viateur anaendeleaje na duka lake? Sisi huku tunapumua, ingawa si wote. Mama ni mzima wa mwili. Papa pia ni mzima wa mwili.

Kabla ya habari nyingine, dada, shika hili: yale madebe mawili ya petroli ya taa ambayo Papa alimtumia Viateur kwa wapagazi, msiyatie katika taa yoyote. Yatoeni nje, mbali na jiko, yafungwe vizuri, yakae kivulini. Viateur asiyasogelee na kiko chake mdomoni. Na kila mtu mliyekwisha kumuuzia, mfuateni nyumbani kwake, hata kama ni jioni, hata kama atawacheka. Ukiiacha barua hapa ukaenda kufanya hivyo kwanza, sitaona vibaya.

Sasa nikueleze. Mzee Pierre, jirani yetu, yule aliyekutania kila mara kwamba mahari yako ameshaanza kuikusanya, amefariki. Alikufa kifo cha uzee, akiwa amelala, hakuna aliyeona ajabu. Unajua desturi ya ukoo wao: taa inayowashwa kichwani pa maiti haizimwi mpaka mwili utoke mlangoni. Ikizimika, wanasema marehemu hupoteza njia, akarudi kuchukua mtu wa kumshika mkono. Tulikulia karibu nao, hatukuwahi kulifikiria jambo hilo sana.

Lakini safari hii mvua haikukoma. Kaburi walilochimba lilijaa maji, wakachimba jingine, nalo likajaa. Mwili ukakaa ndani muda mrefu kuliko kawaida, na taa ikawa inakunywa. Alasiri ile nyumba ilikuwa giza, madirisha yamefungwa kwa sababu ya upepo, wanawake tumekaa juu ya mikeka bega kwa bega. Taa ilikuwa mikononi mwa Geneviève, mke wa Edmond, mwana wa marehemu. Unamkumbuka: hata kanisani alikuwa hawezi kunyamaza. Taa ilipoanza kufifia, alisema kwamba baba mkwe huyu, hata akiwa maiti, anamaliza petroli kuliko alivyomaliza pombe ya kasiksi. Wanawake walicheka wakifunika midomo. Mama Godelieve, mjane, hakucheka. Alimkaripia mkaza mwana wake mbele ya wote, kwamba afunge kinywa na kujaza taa, ao anangoja izimike ili mzee amuchukue yeye?

Geneviève akafungua kifuniko taa ikiwa inawaka, kama mama zetu walivyofanya maisha yao yote penye matanga, akainamisha chupa.

Hapo ndipo niliposikia ile sauti.

Moto haukuanzia kwenye utambi. Ulikuwa hewani tayari, ukamshika mkono, ukapanda kitenge. Chupa ilianguka, na moto ukatambaa chini ya mikeka mahali ambapo hatukuona kitu chochote kikimwagika. Edmond aliingia mbio na mtungi akamwaga maji. Dada, moto ulipanda juu ya maji yale ukaelea nayo mpaka kwenye miguu ya wanawake waliokaa pembeni. Nilipiga kelele waache maji, walete udongo, walete blanketi. Masista walitufundisha hayo Bukavu, lakini nani anamsikiliza mwalimu wa darasa la pili wakati nyumba inawaka? Blanketi lililokuwa karibu lilikuwa moja tu. Nikalivuta kutoka juu ya mwili wa Mzee Pierre, nikamwangukia Geneviève nalo, nikamlaza chini, nikambana mpaka moto ukakosa pumzi. Watu walimtoa marehemu mvuani akiwa amefunikwa na shuka tu. Wako ambao mpaka leo wanaona blanketi lile ndilo kosa kubwa la siku ile.

Kabla sijapata watu wa kumbeba hadi kwa muuguzi wa misheni, shangazi zake walikuwa wameshampaka mawese mwili mzima. Muuguzi alipomwona alianza kumfuta mafuta yale, akitikisa kichwa. Geneviève alikuwa anaongea bado. Aliuliza kama taa ilizimika. Nilimwambia haikuzimika. Alifariki kabla ya Jumapili.

Baada ya mazishi mawili, maneno yakaanza. Edmond alirudia mbele ya kapita, mkubwa wa kijiji, yale mama yake mwenyewe aliyosema: ao anangoja mzee amuchukue yeye? Waliokuwepo wote walikiri kwamba waliyasikia. Wakakumbuka ugomvi wa shamba la mihogo, wakakumbuka kwamba Mama Godelieve hakulia kwa sauti mumewe alipokufa. Kufikia mwisho wa kikao alikuwa mchawi aliyetuma moto. Yeye alikaa chini na miguu ameinyoosha, akijibu jambo lile lile, kwamba alimukaripia tu kama mutoto wake. Wakaamua afukuzwe, avuke mto, asirudi. Kwa umri wake, na mvua hii, unajua hukumu hiyo ina maana gani. Papa alikuwa kwenye kikao, kwenye kiti, kama mtu mkubwa anayeheshimiwa. Alisema kwamba moto hauji bure, lazima kuna aliyeuita.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Niliporudi nyumbani nilifungua debe tunalotumia sisi wenyewe, la petroli ile ile Papa aliyowauzia wafiwa, nikanusa. Petroli inanuka taa, dada. Hii ilinuka lori. Nilimkuta Papa uani akichonga mpini, nikamuuliza. Hakukana. Alieleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi, kwamba tangu barabara ya Masisi iharibike petroli haifiki, na lori lilikuwa limekwama kwenye matope likiwa na pipa zima la esanse ya magari, na dereva alikuwa na njaa. Akachanganya. Alisema amesaidia watu, la sivyo wangekaa gizani, na kwamba esanse na petroli iko watoto ya mama moja. Halafu akasema aliyejiua ni Geneviève, kwani ni nani alimutuma kujaza taa yenye kuwaka?

Nilimjibu kwamba ni kweli, alikosea, na mama zetu wote wamekosea hivyo hivyo, lakini petroli safi iliwasamehe miaka yote. Esanse haisamehi. Pumzi yake hutoka ikatambaa chini kama moshi usioonekana, ikautafuta moto yenyewe, na kikombe kimoja tu ndani ya debe kinatosha kuifanya taa nzima kuwa bomu. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza kama nataka Papa yangu afungwe juu ya kizee ambacho hata mutoto wake amekikataa. Mama alikuwa jikoni, mlango uko wazi. Alisema tu kwamba ugali unapoa.

Siku waliyopanga kumvusha Mama Godelieve, nilienda kwa kapita asubuhi na visahani viwili. Kimoja nilikitia petroli niliyoomba misheni, kingine ya debe letu. Niliviweka juu ya jiwe mahali pa wazi, mbali kimoja na kingine, nikawarudisha watu nyuma mpaka wakaanza kunidharau kwa sauti, kwamba masomo yananitia woga. Nikafunga kijiti chenye moto kwenye ncha ya fito ndefu. Katika petroli ya misheni kijiti kilizama kikazimika. Nikawasha kingine. Ya kwetu iliruka kabla fito haijafika. Hakuna aliyenicheka tena. Nikasema mchanganyiko ule ulitoka wapi, na nani aliuuza. Papa alikuwa kwenye kile kiti chake. Hakunitazama, aliitazama fito.

Mama Godelieve yuko nyumbani kwake. Hakunishukuru. Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia binti aliyemtoa baba yake afungwe. Papa wamempeleka kwa polisi Walikale. Edmond hakuja kuomba msamaha kwa mama yake, ila amemletea kuni. Mama anaweka sahani yangu kizingitini, kisha anarudi ndani.

Anakusalimu lakini, aliniambia niandike hivyo, na ni neno pekee aliloniambia wiki hii. Wasalimie watoto, umshike mdogo kifuani kwa ajili yangu. Msalimie shemeji, na umsomee barua hii usiku huo huo itakapofika, usimfiche hata mstari. Kwa maana kapita aliniuliza, mbele ya watu wote, kama mafuta yale yaliishia Mpofi. Nilimwambia hapana. Nikataja Kingi, nikataja duka, nikataja jina la Viateur. Polisi wa teritwari wametumwa tayari.

Mdogo wako akupendaye,

Joséphine-Marie